Daftari la Filamu: Tuandike Nini Ili Tujue Tunachokipenda?

Katika toleo lililopita, tulipokuwa tukijibu swali kuhusu namna ya kuchagua filamu ya mwisho wa wiki, tuligusia kwa sentensi moja tu kwamba anayetaka kuijua ladha yake na aandike kila anachokitazama. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko jibu lenyewe, nyingi zikitoka Kisumu, Nakuru na Kakamega. Tumechagua hizi zifuatazo, na maswali marefu tumeyafupisha.

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kondele, Kisumu. Mimi ni fundi wa simu, na jioni nikishafunga kibanda hutazama filamu moja kabla ya kulala. Watu wakiniuliza napenda filamu gani, hujibu kuwa ni za mapigano, kwa kuwa ndizo zinazojaa kwenye flashi ninayojaziwa dukani. Hata kabla ya ushauri wenu nilikuwa na daftari ambamo huandika jina la filamu, tarehe, na nyota kati ya tano. Juzi nimelipitia lote. Karibu kila filamu ina nyota nne, zikiwemo nyingine ambazo nakumbuka wazi kwamba zilinilaza usingizi. Sijajifunza lolote kuhusu ninachokipenda. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yetu wa Kondele, bidii unayo, kinachokukwamisha ni swali ambalo daftari lako linakuuliza kila usiku. Nyota ni hukumu, na mtu anapotoa hukumu huwa anawakumbuka wengine: marafiki walioisifu filamu hiyo, tuzo iliyopata, fedha zilizotumika kuitengeneza, na hata hofu ndogo ya kuonekana hajui kitu. Ndiyo maana filamu iliyokulaza usingizi inaweza kupata nyota nne bila wewe kusema uongo. Ulikuwa ukipima ubora wake, na huenda kweli ni bora. Lakini ubora wa filamu na jinsi inavyokuvuta wewe ni mambo mawili, na ladha hukaa katika hilo la pili.

Wafanyabiashara wa filamu nao walilitambua hilo. Netflix ilitumia nyota tano kwa miaka mingi, kisha mwaka 2017 ikaziondoa na kuweka alama ya kidole gumba cha juu au cha chini. Walikuwa wameona kwamba mtu aliweza kuipa nyota tano filamu nzito ya hali halisi, akakipa kichekesho nyota tatu, kisha jioni iliyofuata akarudi kwenye kichekesho.

Pengine utasema: basi niache nyota, niandike sababu. Hapo pana mtego mwingine, na tunaomba utuvumilie kidogo tuueleze, kwa sababu washauri wengi huupita. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Timothy Wilson na Jonathan Schooler, waliwapa wanafunzi jemu za stroberi wazionje na kuzipanga kwa ubora. Waliozionja na kuzipanga bila maelezo walikaribiana na maoni ya waonjaji wenye utaalamu. Walioagizwa kwanza wachambue kwa nini wanapenda hii na hawapendi ile walitoka mbali na maoni hayo. Mwaka 1993 Wilson na wenzake wakafanya jaribio jingine, safari hii kwa picha za kubandika ukutani ambazo wanafunzi walichagua na kwenda nazo nyumbani. Walioandika sababu kabla ya kuchagua ndio ambao, wiki chache baadaye, hawakuridhika sana na picha zao. Maelezo ya watafiti ni kwamba sababu zinazotujia haraka kinywani ni zile zinazosemeka kwa urahisi, nazo si lazima ziwe ndizo zilizotuvuta. Kwa filamu hali ni hiyo hiyo. Ni rahisi kuandika kwamba hadithi ilikuwa nzuri na waigizaji ni hodari, na ukurasa mzima wa maneno ya namna hiyo hautakufundisha chochote.

Kwa hiyo tunakushauri uandike kwanza ulichofanya wakati filamu ikiendelea, na sababu zije baadaye, zikija. Ni wakati gani ulishika simu? Ni wapi ulirudisha nyuma ili uone tena? Uliposimamisha filamu uende kuweka chai, ulirudi mbio au ulijikuta unapiga gumzo na jirani? Ulicheka kwa sauti ukiwa peke yako? Ulilala dakika ya ngapi? Mambo haya yana faida kubwa moja, nayo ni kwamba hayana fahari wala aibu, na mtu hana sababu ya kuyapamba. Andika pia mahali na saa, uliokuwa nao, na kama ulikuwa umechoka. Mistari minne au mitano inatosha. Yaandike filamu ikiisha tu, kabla hujamsikia mtu mwingine akitoa maoni yake, kisha acha nafasi ya mstari mmoja tupu. Mstari huo utaujaza kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, kwa kujibu swali moja: ni nini kimebaki kichwani?

Kwa nini tusingoje tu asubuhi, tuandike yote mara moja? Kwa sababu kumbukumbu yetu hupendelea miisho. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake walieleza jaribio ambamo watu walitia mkono kwenye maji baridi kwa sekunde 60, na mara nyingine kwa sekunde 60 hizo hizo wakiongezewa 30 ambazo maji yalipashwa moto kidogo tu. Walipoulizwa ni lipi kati ya hayo mawili wangekubali kulirudia, wengi walichagua lile refu, ambalo kwa jumla lilikuwa na maumivu zaidi, kwa kuwa lilimalizikia vizuri. Filamu yenye dakika kumi za mwisho za kusisimua hufunika saa nzima ya kuchosha, na asubuhi utaapa kwamba ilikuvutia tangu mwanzo. Daftari la usiku ndilo litakalokukumbusha kwamba dakika ya arobaini ulikuwa ukijibu ujumbe.

Tuchukue filamu moja inayojulikana tuone mistari hiyo inavyoweza kuwa. Huu ni mfano tuliouunda sisi: "Jumamosi usiku, nyumbani, peke yangu, stima ilipotea mara moja. Nairobi Half Life. Mwanzoni Mwas anapoigiza vipande vya filamu ili auze DVD kijijini kwao, nilicheka kwa sauti. Mambo ya magenge: nilishika simu mara mbili. Majaribio ya kuigiza jukwaani: nilirudisha nyuma. Asubuhi: bado namfikiria anavyoishi maisha mawili, watu wa upande huu wasijue ya upande ule."

Filamu hiyo ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, dukani utaikuta kwenye fungu la uhalifu. Aliyeandika mistari ile, akifuata fungu la dukani, atajaziwa magenge mengine kumi kwenye flashi na kushangaa kwa nini yanamchosha. Daftari lake linasema jambo tofauti: alivutwa na mtu anayejaribu kuigiza, na pia na siri inayobebwa kati ya dunia mbili. Vitu hivyo viwili vinapatikana katika filamu za mapenzi, za ujasusi, za vita na za vichekesho. Hapo ndipo utafutaji unapoanza kuwa na maana, kwa sababu mafungu ya dukani yalipangwa kwa faida ya muuzaji, na ladha ya mtu mara nyingi hukatiza katikati yake.

Ukishapata filamu kama thelathini, keti na kalamu ya risasi usome daftari lote kwa mpigo mmoja, bila kujali majina ya filamu. Pigia mstari kila mahali ulipovutwa, na kila mahali ulipotoroka. Kisha tafuta kinachojirudia, hasa katika filamu zisizofanana. Tuseme mtu ana hakika kwamba anapenda filamu za visa vya kweli, na katika daftari lake mna The First Grader ya mwaka 2010, inayomhusu mzee Kimani Maruge aliyejiunga na shule ya msingi Eldoret akiwa na umri wa miaka 84, na mna Queen of Katwe ya mwaka 2016, inayomhusu msichana wa Kampala anayejifunza mchezo wa sataranji. (Wasomaji wa Kisumu hawahitaji kukumbushwa kwamba mama wa msichana huyo aliigizwa na Lupita Nyong'o.) Kama pia mna visa vya kweli vya wanasiasa na wanajeshi ambavyo vyote vilimfanya ashike simu, basi ukweli wa kisa sio unaomvuta. Akisoma mistari yake ataona kwamba alisogea mbele pale mzee alipokuwa akihangaika na kalamu, na pale msichana alipokuwa akielezwa jinsi kete zinavyosogezwa. Anachopenda ni kumwona mtu akifundishwa jambo gumu.

Dhana kama hiyo usiiamini papo hapo, ijaribu. Tafuta filamu yenye mtu anayejifunza jambo gumu, hata kama ni ya kubuni na imetoka nchi usiyoifikiria, kisha tafuta nyingine ya kisa cha kweli isiyo na mafunzo yoyote ndani yake. Kama ya kwanza itakuweka macho na ya pili itakurudisha kwenye simu, umepata kitu. Kama sivyo, futa dhana hiyo uandike nyingine. Na kabla hujaamua kwamba filamu fulani hazikufai, angalia saa ulizoandika. Fundi anayesimama kutwa nzima akilala dakika ya ishirini siku za kazi, na akibaki macho Jumapili mchana kwa filamu za aina ile ile, hana tatizo la ladha. Ana tatizo la usingizi.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Free Area, Nakuru. Filamu nyingi nilizotazama tangu utotoni nilizitazama zikiwa na maelezo ya DJ Afro, yule anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na hadi leo ndizo ninazozifurahia zaidi. Rafiki yangu anasema hizo nisiziandike daftarini kwa kuwa sikuitazama filamu yenyewe bali maneno yaliyowekwa juu yake. Je, ni kweli?

JIBU: Ziandike zote, wala usimwonee haya rafiki yako. Ila kando ya jina la filamu andika kwamba ilikuwa na maelezo, kwa sababu kazi hiyo ina watu wawili ndani yake. Msimulizi huwapa wahusika majina ya mtaani, hukueleza adui yuko wapi kabla hujamwona, hutia mzaha mahali ambapo mwongozaji alikusudia kimya, na pengine hubadilisha nia ya mhusika mzima. Ukicheka, ni vyema ujue umechekeshwa na nani.

Jambo hili halikuanzia hapa kwetu. Japani, enzi za filamu zisizo na sauti, kulikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya skrini na kuigiza sauti za wahusika wote, na wapo watazamaji waliochagua ukumbi kwa jina la msimulizi badala ya jina la filamu. Watanzania walimzoea msimulizi Lufufu. Uganda kuna wale wanaoitwa VJ, na filamu ya Wakaliga, mtaa wa Kampala, iitwayo Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, imeenea duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, kiasi kwamba watazamaji wengi hawawezi kuifikiria bila sauti hiyo.

Jaribio lako ni jepesi. Chagua filamu mbili au tatu ulizozipenda na maelezo, uzitazame tena bila maelezo, ukiandika mistari ile ile tuliyomweleza ndugu wa Kondele. Pale ambapo raha imebaki, umeipenda filamu. Pale ambapo raha imeondoka na ukajikuta unapeleka mbele, ulichokipenda ni usimulizi, utani, na kuambiwa kisa na mtu mwenye ulimi. Hiyo nayo ni ladha kamili, na ina njia zake: filamu zenye msimulizi anayesema na mtazamaji moja kwa moja, filamu za mazungumzo mengi na ya kasi, na kutazama pamoja na watu badala ya peke yako chumbani. Kwa maoni yetu, watu waliokulia katika vibanda vya video wana sikio la mazungumzo kuliko wanavyojidhania, na wengi hawajawahi kulitumia kuchagulia filamu.

SWALI: Nasomea Njoro, na wenzangu wengi hutumia programu za simu kuweka kumbukumbu za filamu. Daftari la karatasi si la zamani mno? Au nyinyi mna chuki na simu?

JIBU: Chuki hatuna, mwanetu. Hata IMDb, ghala la taarifa za filamu linalotumiwa duniani kote, lilitokana na mazoea ya mtu mmoja kujiwekea kumbukumbu: Mwingereza Col Needham alikuwa akiingiza kwenye kompyuta yake taarifa za filamu alizozitazama, na mwaka 1990 orodha hizo, zikiunganishwa na za wapenzi wengine wa filamu, zikawa mwanzo wa kazi ambayo Amazon iliinunua mwaka 1998. Letterboxd, iliyoanzishwa Nyuzilandi mwaka 2011, ndiyo pengine wenzako wanayoitumia, na kwa kuweka tarehe na majina ni nzuri mno. Kama unatazama kwa Netflix, akaunti yako huhifadhi orodha ya yote uliyoyatazama, na unaweza kuipakua usianze na ukurasa mtupu.

Tatizo ni kwamba programu hizo hukuonyesha wastani wa maoni ya watu kabla hujaandika la kwako, tena ulichoandika huonwa na wenzako, nawe huanza kuandika ili ufurahishe. Aliyetoka kuona kwamba maelfu wameipenda filamu haandiki kwa wepesi kwamba alilala. Kwa hiyo acha simu ihifadhi tarehe, na maneno yako uyaweke mahali pasiposomwa na mtu: daftari la shule la kurasa 96, au sehemu ya kuandikia kumbukumbu iliyomo kwenye simu yako, ambayo haihitaji hata bando. Mwongozaji wa Marekani Steven Soderbergh huchapisha kila mwaka orodha ya vyote alivyotazama na kusoma, siku kwa siku, karibu bila neno la maoni. Orodha yake inavutia kuisoma, lakini ladha yake inajulikana zaidi kwa filamu alizotengeneza kuliko kwa orodha hiyo.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, Milimani, Kisumu. Filamu zote hutazama pamoja na baba watoto, na kwa kawaida yeye ndiye anayechagua, hasa zile za kutisha. Nimejaribu kuandika, nikagundua sijui tena ni lipi langu na lipi lake. Tunaweza kuwa na daftari moja la nyumbani?

JIBU: Mama, daftari liwe moja mkipenda, lakini kurasa ziwe mbili, na kila mmoja aandike kabla hamjazungumza. Mazungumzo ya baada ya filamu ni matamu, nasi hatutaki kuyazuia. Tunaomba yacheleweshwe kwa dakika tano tu, kwa sababu katika ndoa nyingi anayesema kwanza ndiye anayeamua filamu ilikuwaje. Ongeza pia neno moja juu ya ukurasa: nani alichagua.

Msishangae yatakayotokea. Yawezekana ukaona kwamba filamu za kutisha, ambazo umezilalamikia miaka yote ukizitazama kupitia vidole, ndizo pekee ambazo hukugusa simu hata mara moja, ilhali zile ulizochagua wewe mwenyewe zilikupa nafasi ya kukunja nguo. Yawezekana pia yeye, bingwa wa filamu za kutisha, akaonekana amesinzia katika nusu yake. Halafu mara moja moja mwacheni kila mtu atazame peke yake. Mtu akiwa na mwenzake huvutwa na uso wa mwenzake karibu sawa na anavyovutwa na skrini, na bila kurasa kadhaa za upweke hutaweza kuvitenganisha viwili hivyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa fasihi, Lurambi, Kakamega. Nimesoma ushauri wenu kwa mashaka. Darasani tulifundisha kwamba kazi ya sanaa ina vigezo vyake, na kwamba msomaji hulelewa hadi avifikie. Nyinyi mnawaambia vijana wajitazame wao wenyewe, wajue wanachokipenda, wakikumbatie. Je, huku si kuwafungia katika kile walichokwisha kukizoea?

JIBU: Mwalimu, mashaka yako ni ya haki, na tungeyaunga mkono kama daftari lingeishia kwenye orodha ya vipenzi. Lakini aliyeandika kwa umakini kuhusu suala hili kabla yetu sote, mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alitaja miongoni mwa sifa za mwamuzi mzuri mazoezi, kulinganisha, na kujivua upendeleo. Anasimulia, akiazima kisa kutoka kwa mwandishi wa Hispania Cervantes, habari za watu wawili walioonja divai kutoka pipa moja. Mmoja alisema ni nzuri isipokuwa ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni nzuri ila ina ladha ya chuma. Wote wawili walichekwa. Pipa lilipomiminwa, chini pakakutwa ufunguo uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Watu wale hawakuanza na vigezo vya divai. Walianza kwa kusema kwa usahihi kile ulimi ulichokutana nacho, hata kama kila mmoja alikutana na kitu tofauti. Kijana anayeandika kwamba dakika ya arobaini alitoroka, kisha akaenda kutafuta ni nini kilibadilika kwenye skrini dakika hiyo, yuko kwenye mazoezi hayo hayo. Vigezo vyako, Mwalimu, vitamfaa zaidi akiwa na jambo lake mwenyewe la kuvipimia.

Tunakubaliana nawe kwamba mazoea hufunga. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba katika kila filamu tano, moja itoke nje ya yale ambayo daftari limeshayasema, na hiyo ichaguliwe kwa mashauri ya watu wanaojua, hata walimu wastaafu. Kwa mtazamaji wa Kakamega asiyetaka kuanza na kazi ndefu, Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, inachukua takriban dakika ishirini tu, na inaonyesha Afrika Mashariki ya siku zijazo ambako maji yamekuwa adimu kupita kiasi. Akitaka kurudi nyuma, amtafute mwongozaji Ousmane Sembène wa Senegali, ambaye La Noire de… yake ya mwaka 1966 haifiki hata saa moja na nusu.

Hapa kuna jambo ambalo daftari hulionyesha vizuri kuliko mwalimu. Mtindo mgeni, hasa wa filamu inayokwenda pole pole, kwa kawaida huchosha mara ya kwanza, na mtu akiamua hapo hapo ameukosa. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, bila hata maelezo, huongeza upendeleo wetu kwacho. Basi mtindo mgeni upewe filamu tatu kabla ya hukumu, na ikipita miaka miwili filamu ile ile itazamwe tena na kuandikwa upya kwenye ukurasa unaoukabili ule wa zamani. Kurasa mbili za filamu moja, zilizoandikwa na mtu mmoja katika umri tofauti, zitamwonyesha mwanafunzi wako kwamba ladha aliyokuwa akiiita yake imesogea, na imesogea kuelekea wapi. Tungefurahi sana kama klabu ya shule moja ya hapo kwenu ingelijaribu jambo hili, maana miaka ya sekondari ni muda wa kutosha.

SWALI: Husafiri mara kwa mara kati ya Kisumu na Nakuru, na basi huweka filamu ambayo hukatika tunapofika. Nyingine huziacha mwenyewe nyumbani katikati. Zote hizi niziandike, au ningoje nizimalize?

JIBU: Ziandike, lakini uzitenganishe. Filamu uliyokatiziwa na safari iandikie mahali ilipofikia, na swali moja tu: ulipoteremka ulitaka kujua itaishaje? Kama siku tatu baadaye bado unaiulizia jina, hiyo ina uzito kuliko nyingi ulizozimaliza kwa sababu tu ulikuwa umeshazilipia. Ile uliyoiacha mwenyewe iandikie dakika uliyoizimia na kilichokuwa kikiendelea kwenye skrini wakati huo, nani alikuwa akisema na kuhusu nini. Ukipata kumi za namna hiyo, zisome zote kwa pamoja kabla ya kusoma ulizozipenda. Kumi hizo huwa zinafanana kuliko mtu anavyotarajia. Na kwenye basi andika pia ulikuwa umekaa kiti gani, kwa sababu aliyeketi viti vya nyuma njia nzima ya Kericho bila kusikia sauti hawezi kuilaumu filamu.